Baba Ameacha Ugali, Mama ni Mjamzito



Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka Kahama. Aliyeiandika ni dada yetu, mama wa watoto wawili, ambaye sasa ana mimba iliyoingia mwezi wa nne. Mumewe ni mchimbaji mdogo mwenye hisa katika duara moja upande wa Nyarugusu, mkoani Geita. Hukaa huko siku kumi na zaidi, kisha hurejea nyumbani kwa siku mbili tatu. Miaka miwili iliyopita alipimwa akakutwa na kisukari, akaandikiwa vidonge vya aina mbili, glibenklamidi na metformini, naye amekuwa akivimeza kila anapokumbuka.

Mwanzoni mwa Rajab alirudi nyumbani na habari mpya. Rafiki yake wa kwenye karasha alikuwa amemfundisha mlo wa keto. Tangu siku hiyo hagusi ugali, wali, viazi, mihogo wala matunda. Hula nyama, mayai, samaki, samli na mboga za majani. Uzito umepungua, kanzu imekuwa pana, na kipimo cha sukari kinasoma namba ambazo hajawahi kuziona tangu augue. Pamoja na mlo huo amenunua makopo manne ya virutubisho kwa fedha ambayo, kwa maneno ya dada yetu, ingelipa kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Muuzaji amemhakikishia mambo matatu: kwamba ataacha vidonge vya hospitali taratibu, kwamba familia nzima inaweza kuufuata mlo huo, na kwamba kopo la nne litamsafisha zebaki yote aliyoivuta kwa miaka ya kuchenjua dhahabu.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kishapu kumsaidia mkazamwana wake, amekasirika. Hajapata kuona mwanamume wa Kisukuma anayekataa bugali akiwa na afya yake. Dada yetu naye, kwa kumpenda mumewe na kwa kuchoka kupika vyungu viwili, ameacha ugali kwa siku nane sasa. Anatuuliza kama hayo yote ni kweli, kama aendelee, na kama mumewe ataweza kufunga Ramadhani ijayo.

Katikati ya barua, katika mstari mmoja aliouandika kana kwamba ni wa kupita tu, anasema kuwa mumewe ameshikwa mara mbili na kutetemeka, jasho la baridi na giza machoni, na mara moja alikuwa ndani ya shimo. Muuzaji alimjibu kwamba huo ni mwili unaozoea.

Mstari huo haukuweza kungoja gazeti litoke. Tulimpigia simu dada yetu jioni ileile na kumwambia kuwa kuna uwezekano mkubwa kwamba hiyo ni sukari iliyoshuka kupita kiasi. Mumewe asishuke shimoni tena kabla ya kuonana na daktari, na kila anapohisi hali hiyo apime, na ikiwa hana kipimo anywe papo hapo maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, keto au si keto. Mengine tunayaeleza hapa kwa faida ya wote, kwa sababu tunajua kuwa nyumba hiyo si ya peke yake.

Hatuna nia ya kuubeza mlo wenyewe. Keto haikuzaliwa sokoni. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo mno kwa wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa imeonekana kwamba mgonjwa akikaa na njaa degedege hupungua, naye alitaka kupata faida ya njaa bila mgonjwa kufa njaa. Hadi leo baadhi ya hospitali huutumia kwa watoto wenye kifafa kisichosikia dawa. Huko chakula hupimwa kwa gramu kwenye mizani, damu huchunguzwa mara kwa mara, na mtoto hupewa vitamini na kalsiamu kwa sababu inajulikana tangu mwanzo kuwa mlo huo peke yake haumtoshi. Kwa hiyo virutubisho vimeandamana na keto kwa muda mrefu, lakini viliandikwa na daktari aliyejua kilichopungua kwa mgonjwa aliyekaa mbele yake.

Namna unavyofanya kazi ni hivi. Wanga wote tunaokula huishia kuwa sukari katika damu. Mtu akiushusha mpaka gramu 50 kwa siku, na wengine hushuka hadi 20, mwili hukosa sukari ya kutosha, na ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni ili yawe nishati badala yake. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga unaokaribia gramu 75. Mchimbaji anayekula ugali wa robo kilo ya unga mchana mmoja amekwisha kula wanga wa siku tatu za mtu wa keto. Na tuseme jambo hapa ambalo litawaudhi baadhi ya wasomaji: dona si dawa ya kisukari. Dona na mtama vina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na ni bora kuliko sembe, lakini wanga wake haupishani sana na wa sembe. Tumewaona wagonjwa wanaokula mlima wa dona kwa moyo mweupe kabisa.

Basi haishangazi kwamba sukari ya ndugu yetu imeshuka. Mwenye kisukari cha ukubwani akipunguza wanga na uzito, sukari hushuka. Utafiti mashuhuri uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, ukiongozwa na maprofesa Roy Taylor na Mike Lean, uliwapa wagonjwa chakula cha nishati ndogo kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao hawakuwa tena na kisukari, bila dawa. Chakula kile hakikuwa keto, kwani kilikuwa na wanga. Kilichowafaa ni kupungua uzito, na waliopungua kilo nyingi zaidi ndio waliofaidika zaidi. Tunaomba kila msomaji mwenye kisukari ashike na jambo la pili: katika utafiti ule, dawa za sukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa siku ya kwanza ya mlo, na madaktari wenyewe ndio waliozisimamisha, wakiendelea kuwafuatilia.

Hapo ndipo yule muuzaji alipokosea. Glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini, nayo haijui kwamba leo hukula ugali. Insulini inatoka, sukari ya kuishughulikia haipo, na mtu anaanguka. Mchomaji wa sindano za insulini yuko katika hatari hiyohiyo, tena zaidi. Metformini ikiwa peke yake kwa kawaida haiangushi sukari namna hiyo. Ziko pia dawa mpya, dapaglifozini na jamaa zake, ambazo zikikutana na keto zinaweza kuifanya damu iwe na asidi ya kuua huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha. Yeye alishauri dawa ziachwe taratibu huku chakula kikiachwa kwa siku moja. Kinachotakiwa ni dozi ipangwe upya na daktari kabla sahani haijabadilika, na pengine mtu akaondolewa glibenklamidi siku ileile. Wenye kisukari cha utotoni, ambao mwili wao hautengenezi insulini kabisa, wasiuguse mlo huu kwa ushauri wa mtu yeyote wa sokoni.

Sasa tuyafungue yale makopo. Dada yetu ametusomea maandishi yake kwenye simu.

La kwanza ni chumvichumvi: sodiamu, potasiamu na magnesiamu. Hili lina asili ya kweli. Insulini ikipungua mwilini, figo huachia chumvi na maji, na ndiyo maana wiki ya kwanza ya keto mtu hupungua kilo haraka na kufurahi, kumbe nyingi ni maji. Hapo huja kichwa kuuma, misuli kukaza, uchovu na kizunguzungu, hali ambayo wenyewe huiita homa ya keto. Kwa mtu anayetokwa na jasho mchana kutwa ndani ya duara, jambo hili si la mzaha, kwa kuwa kizunguzungu juu ya ngazi ya miti ni kifo. Lakini kinachohitajika kinapatikana jikoni: supu ya mifupa yenye chumvi ya madini joto, mchicha, parachichi, mbegu za maboga na karanga kidogo, na maji ya kutosha. Mwenye shinikizo la damu na mwenye figo mbovu hawa wamo katika hukumu nyingine. Kwao chumvi ina kipimo, na potasiamu ya kopo ikikutana na vidonge kama losartani au enalaprili inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka yasimame. Kisukari na figo ni majirani wa siku nyingi. Ndugu yetu hajapimwa figo tangu aanze kuugua.

La pili ni ketoni za unga. Huzipandisha ketoni katika damu kwa saa chache, basi. Hazichomi mafuta ya tumbo. Mwili unapewa ketoni za dukani uache kutengeneza zake. Hatuoni sababu ya mtu wa kipato cha kuhangaikia kuzinunua.

La tatu ni mchanganyiko wa vitamini na mafuta ya samaki. Anayeishi kanda ya Ziwa, anayeweza kula dagaa mzima na mifupa yake, sato na sangara, kisha akala mlenda na nsansa, amekwisha kupata sehemu kubwa ya yaliyomo humo kwa bei ya mboga. Anayeacha nafaka, kunde na matunda hupungukiwa hasa na nyuzinyuzi, ndiyo sababu choo huwa kigumu, na mlenda humfaa kuliko kidonge. Juu ya kopo hilo pana neno moja la dini. Maganda ya vidonge laini mara nyingi hutengenezwa kwa gelatini, na gelatini hutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Wanazuoni wana mjadala wao kuhusu kitu kilichogeuka asili yake. Mtu wa kawaida lakini anaweza kusoma kopo, kuuliza, na kuacha lisilojulikana, hasa pale ambapo hakuna dharura. Tena tazameni alama ya TBS. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula ulihamia huko kutoka iliyokuwa TFDA, na TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kopo lisilo na alama yoyote, lililoletwa ndani ya begi la mgongoni, halina mtu wa kulijibia.

La nne, la kusafisha zebaki, tumelisikitikia kuliko yote. Hakuna kopo la sokoni lifanyalo kazi hiyo. Mwili hupunguza zebaki wenyewe, polepole, kwa miezi, pale tu mtu anapoacha kuivuta, na aliyezidiwa hutibiwa hospitali kwa dawa maalumu na vipimo. Tulipomuuliza dada yetu dhahabu inachomewa wapi, alisita kidogo, kisha akasema kwamba mara nyingine mumewe huja na kipande na kukichomea uani, kwenye jiko lake la mkaa. Mvuke wa zebaki hauonekani, na ukishaingia kwa mama hupita kondo na kumfikia mtoto tumboni. Fedha ya kopo la nne ingetosha mchango wa kununua ritoti ya kuchomea pale duarani, chombo kinachoukamata mvuke na kuirudisha zebaki kwenye chupa. Nyumbani isichomwe hata mara moja.

Tumefika kwa mama mwenyewe. Jibu letu kwake ni fupi: arudi kwenye ugali leo, bila kungoja Alhamisi ya kliniki. Mjamzito hafuati keto. Mtoto anajengwa kwa vingi ambavyo mlo huo unavikata, na mwili wa mjamzito huingia katika ketoni nyingi upesi kuliko wa mtu mwingine. Liko na jambo ambalo wengi hawalifikirii: kwa kanuni za nchi yetu, unga wa viwandani wa ngano na wa mahindi unatakiwa kuongezwa asidi ya foliki na madini ya chuma. Mwanamke anayeacha unga huo huacha na hivyo vilivyomo ndani yake, na upungufu wa asidi ya foliki katika wiki za mwanzo wa mimba ndio unaochangia watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Virutubisho anavyohitaji hasa hupewa bure kliniki ya wajawazito: vidonge vya chuma na foliki, kimoja kila siku. Ametuambia viko kabatini, havijaguswa, kwa kuwa vinamtia kichefuchefu. Avinywe usiku baada ya chakula, wala asivinywe na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kopo la tatu la mumewe asilionje: vitamini A ya vidonge ikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni.

Kisha akatucheka kwa aibu akasema kuwa tangu aache ugali anatafuna pemba kila siku, zile fimbo za udongo zinazouzwa sokoni. Wala hayuko peke yake. Utafiti uliofanywa kwa wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wilayani Geita, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba karibu nusu yao hula udongo, na udongo huo ulipopimwa maabara ulikutwa na madini mazito, arseniki ikiwemo. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe hukikamata chuma tumboni kisiingie, hivyo hamu inazidi. Kwa hakika pemba ndicho kirutubisho kinacholiwa kuliko vyote katika ukanda wa dhahabu, na hakuna aliyekiita kwa jina hilo. Apime damu. Akianza vidonge vyake, hamu huenda ikamwacha.

Kuhusu watoto hatuna maneno mengi. Wanakua, wale uji, ugali, maharage, maziwa na matunda.

Vyungu viwili basi? Si lazima. Ndugu yetu hahitaji keto kamili ili apate nafuu, na kwa kazi yake ya kupanda na kushuka duarani tungependa asiifuate. Chungu kimoja kinatosha: sato au nyama, mlenda, kunde au maharage, mboga nyingi. Ugali upikwe mmoja. Sahani yake iwe nusu mboga, kitoweo kiwe cha kutosha, na ugali usizidi ngumi yake. Mama mkwe atamwona mwanawe anakula bugali, na amani itarudi mezani. Samli isigeuzwe kinywaji. Wako watu ambao keto huwapandisha lehemu mbaya ya damu, naye hajui kama ni mmoja wao mpaka apimwe. Akitaka bado kuifuata, hilo ni baina yake na daktari.

Swali la Ramadhani lina uzito wake. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'ani, Sura ya Al-Baqara, wala hakuna fadhila katika kuikataa kwa mtu aliyekwisha kuanguka mara mbili. Lakini hatusemi kuwa hatafunga. Wataalamu hushauri mwenye kisukari amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, ili dawa na saa zake zipangwe upya, na bado nafasi ipo. Akifunga, apime mchana, kwa kuwa kutoboa kidole hakufunguzi. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inamtaka afungue mara sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, hata kama yamebaki dakika kumi adhana ya magharibi iadhiniwe. Na wafuasi wa keto wafanye hesabu ya futari mapema: tende tatu ndogo zina wanga unaokaribia gramu 15, na bakuli la uji wenye sukari linamaliza siku nzima. Wengi huyumba hapo, wakashinda na njaa ya keto kisha wakafuturu kwa tambi na viazi, na sukari ikapanda na kushuka usiku kucha.

Tulipokuwa tukimalizia safu hii, dada yetu alituletea ujumbe. Mumewe amekubali kwenda kliniki ya kisukari Alhamisi, kwa sharti kwamba wenzake wa duarani wasijue. Tumemwambia aende na vidonge vyake vyote, daftari la vipimo, na makopo yote manne yakiwa na karatasi zake. Asiyatupe, kwa sababu daktari atataka kuyasoma. Mama mkwe amesema atawasindikiza, na njiani atanunua mlenda.